Mama Mkunga Alipotupeleka Korongo Kuu

Maziwa ya Marekani aliyaita maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Aliyamimina kwenye kikombe, akayanusa, akayatazama kwenye mwanga wa dirisha la jiko langu, kisha akayanywa hadi tone la mwisho na kuomba mengine. Hivyo ndivyo alivyokuwa: alikilaumu kitu huku anakimaliza. Sisi tuliokulia juu kule, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, kwenye ukungu na mifugo, tulimwelewa. Wengine walidhani amekasirika.

Ukoo wake siuelezi, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa. "Mimi njo ninaulizaka watu wamezaliwa namna gani," alisema, na njo ya kwetu ni ndiyo yenu. "Yangu, mtu asiulize." Tulimwita Mama Mkunga. Wenye Kifaransa chao walimwita akusheze. Watoto wa jengo letu la Louisville walimwita Koko, kama wanavyowaita bibi zao, na yeye aliwavumilia hivyohivyo, kwa shida. Watu walishangaa wakigundua kwamba mwanamke aliyewapokea watoto wengi kiasi kile hakuwapenda sana wakishajua kusema. Kichanga alimbeba siku nzima bila kuchoka. Mtoto wa miaka mitano akimsogelea na maswali, alitafuta viatu vyake. "Wakianza kusema wanaharibika," alisema. Watoto wetu walimjibu kwa Kiingereza, naye aliwajibu "Yes, yes," kwa kila kitu, hata walipomuuliza kama wanaweza kuchora ukuta.

Huku hakuruhusiwa kumpokea mtoto. Walimweleza ofisini siku za mwanzo, kwa heshima, kwamba kazi hiyo hapa ina shule yake ndefu na mitihani yake. Hakubishana. Alichukua kazi ya usafi katika nyumba ya wazee, akawa anafua mashuka na kuosha sakafu, na baada ya muda wakamwachia kuwaogesha bibi wawili watatu ambao hawakutaka kuguswa na mtu mwingine. "Ni ileile," aliniambia. "Wale wanakuja, hawa wanaenda. Wote wanaogopaka maji ya baridi."

Lifti aliiogopa kuliko kifo. Katika ile nyumba ya wazee alipanda ngazi akiwa na ndoo mkononi hadi ghorofa ya nne. Dukani, kwenye ngazi zinazotembea, alisimama pembeni na kusubiri tumalize kununua, mkoba kifuani, kama mtu anayesubiri mto upungue. Lakini nilimwona kwa macho yangu akiingia katikati ya vijana wawili waliokuwa wanapigana kwenye maegesho ya jengo letu, akamshika mmoja sikio, akamuuliza kama amekula. Yule kijana hakuwa amekula. Walipanda wote watatu kwenda kwake, wakapewa bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na ugomvi ukaishia hapo.

Chakula alitoa bila kupima. Sufuria yake, hapana. Alikuwa na sufuria moja nzito aliyoitoa kambi ya wakimbizi Burundi, na ukimwomba akuazime alikuwa tayari kuja kukupikia mwenyewe jikoni kwako, akusubiri ule, aioshe, aondoke nayo. Binti yake, aliyeishi Reynoldsburg kule Columbus, alimnunulia nyingine mpya. Aliiweka chini ya kitanda ikiwa ndani ya boksi lake.

Jambo lililomtofautisha na watu wote niliowajua ni namna alivyotazama. Ukiingia naye mahali, wewe unatazama kilichopo. Yeye anawatazama wanaotazama. Kanisani alikaa benchi la pembeni, amegeuka nusu, anaona nyuso kuliko mimbari. Mchungaji alilalamika kidogo. Nilimuuliza Mama Mkunga siku moja, akanijibu kwamba ni mazoea ya kazi. "Kule chini mambo yanajulikana. Mutoto atakuja ao hatakuja haraka. Uso wa mama njo unakuambia." Akaongeza kwamba wakunga wachanga wanakosea kwa sababu wanatazama kule ambako kila mtu anatazama.

Uso wangu aliutazama mapema. Nilikuwa na mimba, ya pili baada ya binti yetu Furaha, na ilikuwa imebaki kidogo tu. Nilikuwa narudi kutoka ghalani ninakopanga vifurushi, nimechoka kama kawaida, tukakutana mlangoni. Alinishika kidevu. "Leo amecheza?" Nikasema nadhani. "Sikukuuliza unazani nini. Amecheza?" Nikaweka mkono tumboni. Alimgongea mume wangu mlango kwa ngumi zote mbili, na baada ya muda mfupi tulikuwa barabarani kwenda hospitali.

Mtoto alikuwa ameshafariki. Mimi nilitoka damu isiyokoma, na madaktari, ili kuniokoa, walilazimika kuondoa kizazi. Walihangaika kwa ajili yangu saa nyingi, na daktari mmoja mwanamke alikaa kitandani kwangu akalia nilipozinduka. Sina neno baya juu yao.

Muuguzi aliuliza huyu mama mwenye kitenge ni nani. Nikasema ni mama yangu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Mama Mkunga alimwomba muuguzi maji ya uvuguvugu, kwa ishara, akamwogesha mwanangu taratibu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kama mtoto anayesubiriwa sebuleni na wageni. Akamfunga vizuri. Akasema, "Masikio ni ya baba yake." Kisha akauliza anaitwa nani. Mimi niligeukia ukuta.

Hakuniambia pole. Watu wote waliniambia pole. Yeye hakusema, na nilimchukia kwa hilo kwa siku kadhaa. Mama mmoja wa kanisani alipokuja na kuanza kusema kwamba Mungu atanipa mwingine, Mama Mkunga alimshika kiwiko kwa upole, akamtoa nje, akafunga mlango. Nilimsikia koridoni: "Usimupe mutu pole kama hajamaliza kulia. Ni kama kufunga kidonda na uchafu ndani." Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anasubiri. Ila mimi sikulia. Nilirudi kazini, nikapanga vifurushi. Mume wangu aliomba zamu za ziada akapewa. Tulipishana mlangoni kama wapangaji. Furaha, mwenye miaka tisa, alijifunza kujitengenezea chai ya asubuhi na kufunga mlango bila kelele.

Safari ilianza na bibi mmoja wa Kimarekani. Alikuwa miongoni mwa wale ambao Mama Mkunga aliwaogesha, na juu ya kitanda chake palikuwa na picha kubwa: yeye akiwa kijana, mumewe na watoto, wamesimama mbele ya shimo la mawe mekundu lisilo na mwisho. Kila asubuhi alimsimulia Mama Mkunga habari ya siku ile, na Mama Mkunga, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha ndoo na mashuka, alisikia neno moja moja mpaka hadithi nzima ikakamilika. Ni Korongo Kuu, kule Arizona jangwani. Mume aliogopa hadi akatambaa. Mtoto mdogo alidondosha kofia yake, ikashuka polepole mpaka wasiione. Bibi huyo alipofariki, Mama Mkunga alikuja kwangu na chupa ya maziwa.

"Nimesikia hadisi moja mwaka muzima," alisema. "Ninataka kuenda kuona kama alinidanganya."

"Mama, Arizona ni mbali sana."

"Mbali kuliko Burundi kwa miguu?"

Akapanga kila kitu kwa simu, akipiga kelele kana kwamba Columbus na Buffalo ziko mlima wa pili. Mwanawe wa Buffalo aliyefanya kazi kiwandani Lackawanna angekuja Reynoldsburg, amchukue dada yake, shemeji na watoto wao wawili, waje Louisville. Hapo tungekodi gari moja kubwa la watu wengi, twende sote. Mume wangu ndiye angekuwa dereva mkuu kwa sababu, alisema, "huyu anajua kunyamaza na kuangalia barabara." Tulipojaribu kukataa alikaa kwenye kochi letu akavua viatu. Tulikubali ili aende kulala.

Ilikuwa majira ya joto ya mwaka 2015. Siku ya kuondoka aligawa viti mwenyewe. Mume wangu na mimi mbele. Yeye nyuma kabisa na watoto, adhabu aliyojichagulia mwenyewe. Mwanawe, binti yake na shemeji katikati, pamoja na ndizi, chapati, samaki wadogo wa sambaza waliokaangwa na chombo cha barafu kilichojaa maziwa. Kutoka Louisville hadi tulipovuka mto mkubwa pale St. Louis, mume wangu na mimi tuliongea maneno ya barabara tu: kushoto, kulia, mafuta. Nyuma tulimsikia Mama Mkunga akilipa gharama ya uamuzi wake.

"Koko, are we there?"

"Yes, yes."

"Koko, ng'ombe wale ni wako?" aliuliza Furaha, akijaribu Kiswahili.

"Wangekuwa wangu wangekuwa na pembe."

Oklahoma kulikuwa na joto la kuchemsha. Tulilala kwenye hoteli ya kando ya barabara iliyokuwa na ghorofa mbili tu, akashukuru Mungu kwa ngazi. Asubuhi nilimkuta mume wangu nje anafuta vioo vya gari. Mama Mkunga alikuwa amemsimamia na chai mkononi. Sikusikia waliyoongea, nilisikia tu mume wangu akisema, "Bado, Mama," naye akijibu, "Bon. Lakini Arizona haisogei. Utaikuta."

Kesho yake, baada ya tambarare za New Mexico ambazo shemeji aliziita dunia iliyopigwa pasi, barabara ilianza kupanda. Misonobari ikatokea. Tulipofungua madirisha, upepo ulioingia ulikuwa wa baridi na mkavu. Mama Mkunga, aliyekuwa amesinzia, aliinuka. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Simamisha gari."

Mume wangu alisimama pembeni kwa hofu, tukidhani anaumwa. Alishuka, akatembea hatua chache kati ya miti, akasimama mikono kiunoni, kitenge kinapepea. Tulishuka mmoja mmoja. Wote tuliokulia milimani tulikuwa tunavuta pumzi kama yeye. Ilikuwa hewa ya kwetu. Miaka yote ya Louisville, kwenye joto zito la bondeni, kifua changu kilikuwa kimesahau. Binti yake wa Reynoldsburg alianza kucheka peke yake. Watoto, waliozaliwa kambini na mjini, walituuliza kuna nini hapa, maana hawakuona kitu ila miti.

"Hapa njo kwetu," alisema Mama Mkunga, "isipokuwa ng'ombe."

Kwenye Korongo lenyewe alinishangaza. Tulidhani atakimbilia ukingoni. Mwanawe alikuwa ametayarisha simu apige picha mama yake akiona. Tulitembea kwenye njia ya lami pamoja na watu wa kila rangi, Wahindi, Wajapani, Wajerumani wenye fimbo za kutembelea. Miti ikafunguka, na pale mbele ardhi ikaisha. Sijui kulieleza. Nilitegemea shimo. Niliona milima imezama, mmoja nyuma ya mwingine, myekundu, ya njano, ya zambarau, na vivuli vya mawingu vinatembea juu yake kama makundi ya mifugo. Chini kabisa palikuwa na uzi wa mto. Shemeji alisema "Yesu" tu. Mtoto wake mmoja alikaa chini ghafla na kumshika mguu.

Mama Mkunga alitazama kidogo, kama mtu anayehakikisha. "Hakunidanganya," alisema. Kisha akageuka, akalipa Korongo mgongo, akaegemea uzio, akaanza kututazama sisi. Mwanawe akalalamika, "Mama, geuka! Tumeendesha siku tatu!" Naye akajibu, "Nimeiona. Haitakimbia. Ninyi mutabadilika sasa hivi, na sitaki inipite."

Siku mbili tulizokaa pale tulifanya kila kitu ambacho familia hufanya. Tulipanda mabasi ya bure yanayozunguka ukingoni, tukashuka kila kituo. Tulikula aiskrimu iliyoyeyuka mikononi. Tulipigwa marufuku kuwalisha kuchakuro, na mmoja wao akaiba chapati. Mchana wa siku ya kwanza mvua ilionekana upande wa pili, pazia la kijivu lililoning'inia na kuisha hewani kabla ya kufika chini. Shemeji alisema hata mvua ya Marekani inaishia njiani. Watoto walipewa kijitabu cha maswali kuhusu mawe na ndege, na waliomaliza walisimama mbele ya askari wa hifadhi, wakanyoosha mkono wa kulia na kuapa kuitunza dunia. Mama Mkunga alinyoosha mkono pia. Askari, kijana mwenye kofia pana, alimwona, akasita, kisha akarudia kiapo polepole kwa ajili yake. Aliapa kwa lugha aliyoijua mwenyewe. Akapewa beji ya watoto, akaibandika kwenye kitenge, na jioni nzima aliwakemea watalii waliotupa takataka. "Mimi niko askari," aliwaambia kwa Kiswahili, akigusa beji.

Asubuhi ya pili tulikwenda pale njia ya kushukia inapoanzia. Huko wanatumia nyumbu, yaani wale watoto wa punda na farasi, kuwabeba watu na mizigo hadi chini. Walikuwa wamefungwa kwenye uzio, wameshatandikwa, na mwanamke mmoja mwenye buti na ngozi iliyochomwa na jua alikuwa anakaza mikanda. Mama Mkunga aliwasogelea kama anaingia nyumbani kwake. Aliwakagua kwato. Akasimama mbele ya jike mmoja mkubwa wa rangi ya chai, akamtazama ubavu, akamwita Furaha.

"Muulize, huyu atazaa lini?"

Furaha akatafsiri. Yule mwanamke akacheka vizuri tu, akaeleza. Furaha akageuka. "Anasema hana mimba, amekula tu. Anasema nyumbu hawazai, Koko."

"Hazai mwaka huu?"

"Hawazai kabisa. Wote."

Mama Mkunga alimtazama tena ubavu yule nyumbu. Maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kusikia habari hiyo. Alitazama njia, jinsi ilivyojikunja na kushuka kwenye ukuta wa jiwe, nyembamba kama mkanda, na chini yake utupu. "Na njo huyu banamupa watu abebe? Kwenye njia ile? Kwa nini si farasi?"

Furaha akauliza, akasikiliza kwa makini. "Anasema farasi anaogopa anaruka. Nyumbu anaangalia mahali anapokanyaga. Anasema yeye watoto wake mwenyewe wanapanda nyumbu tu."

Mama Mkunga akageuka, akanitazama usoni. Wote walikuwa wanasikiliza. Mume wangu alikuwa nyuma yangu.

"Unasikia, Mama Furaha?"

"Nasikia," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kavu. "Unanifananisha na nyumbu?"

Binti yake aliweka mkono mdomoni kwa aibu. Yeye, badala ya kukana, alinichunguza, kisha akamchunguza yule nyumbu, kwa uaminifu wote.

"Masikio hapana," akasema. "Masikio yako ni madogo."

Kicheko kilinitoka nikiwa sijajua kama ninacho. Kilitoka tumboni, mahali pale pale palipokatwa na kushonwa, na kiliniuma, na sikuweza kukisimamisha. Nilishika uzio. Nyumbu aligeuza masikio yake marefu kunisikiliza, na nikacheka zaidi. Watalii walisimama kutazama. Kisha sijui ilikuwa wapi kicheko kilipogeuka. Nilijikuta nimekaa kwenye vumbi na samadi, nalia kwa sauti, kama nilivyowahi kuwasikia wanawake wa kwetu wakilia mtu anapoletwa nyumbani kwenye machela. Binti yake alitaka kunikimbilia. Nilimsikia Mama Mkunga akimzuia: "Acha. Acha amalize."

Walisubiri. Yule mwanamke wa nyumbu alileta maji, akayaweka karibu yangu, akarudi kwenye kazi yake. Nilipomaliza, maana kulia kunaisha, sikuwa najua hilo, Mama Mkunga alichuchumaa kwa tabu ya magoti yake, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Sasa," akasema. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Mume wangu alikaa vumbini pia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu.

"Nilimpa jina," alisema. "Hospitalini waliniuliza, wewe ulikuwa umelala. Sikujua namna ya kukwambia."

"Jina gani?"

Akanitajia jina la baba yangu, ambaye tulimwacha amezikwa milimani, kaburi ambalo sitaliona tena. Niliweka kichwa changu begani kwake. Furaha alikuja akajipenyeza katikati yetu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akarudia jina hilo taratibu, kujaribu jinsi linavyosikika. Kisha aliuliza kama sasa anaweza kumwambia mwalimu wake kwamba ana kaka. Tulimwambia ndiyo.

Kurudi nyumbani hatukunyamaza tena mbele kule. Tulisemezana hadi Mama Mkunga alilalamika kwamba hawezi kulala.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na wivu. Mkunga mwingine alipohamia Louisville kutoka kambi nyingine, Mama Mkunga aliulizia kazi za mwenzake kwa watu, na kila alichosikia alijibu, "Hata mimi." Aligombana na kwaya kwa sababu waliimba haraka, na kwa mwezi mzima alifumba mdomo kwenye nyimbo zote. Alikuwa mgumu kwa binti yake kuliko kwa sisi majirani. Huko Reynoldsburg binti aliyefanya kazi ya kuwatunza wagonjwa majumbani alirudi amechoka na kukuta mama yake, aliyekuja kumtembelea, amepanga upya makabati yote na kueleza kwa nini. Waliwahi kukaa wiki bila kupigiana simu. Nilimwambia siku moja kwamba angemwambia binti yake nusu ya maneno mazuri anayonisemea juu yake. Alinitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Anajua," akasema. Nadhani hakujua. Nilimpigia binti mimi mwenyewe nikamwambia, naye akaniomba nirudie.

Mwaka uliofuata magoti yake yalikataa nyumba ya wazee, na mwanawe akamchukua akae naye Buffalo. Aliondoka bila kuaga sana. Alisema kuaga ni kwa watu ambao hawatarudi, akapanda gari. Tulipigiana simu, lakini kwenye simu alikuwa hodari wa kupiga kelele tu. Mazungumzo yalikuwa ya kutazamana.

Nilimwona tena majira ya baridi yaliyofuata, mwezi wa pili. Kwaya yetu ilialikwa na kanisa la ndugu zetu Lackawanna, nami Jumamosi mchana nikachukua gari nikaenda kumtafuta. Aliishi juu ya duka moja la vyakula Grant Street, mtaa wenye maduka ya Waburma, Wasomali, na sisi, theluji imelundikwa pembeni hadi kiunoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Njia yote kutoka Louisville, wengine wakiimba, mimi nilikuwa nayapanga: nimshukuru kwa mtoto aliyemwogesha, kwa mlango aliougonga kwa ngumi, kwa Arizona. Nilitaka kuyasema vizuri, nikiwa nimekaa.

Alinipa chai. Alinipa habari: kuna kundi la akina mama linalowasindikiza wajawazito hospitalini, wageni kwa wageni, na amejifunza nao, na hospitali inamruhusu kukaa chumbani na mama hadi mwisho. Haruhusiwi kugusa kitu. "Kazi yangu ni kukaa," alisema, kwa dharau na fahari pamoja. "Nchi hii wamefanya kukaa kuwa kazi."

Nikaweka kikombe chini. "Mama, nimekuja kwa sababu..."

Simu ikalia. Alisikiliza, akasema "Njo nakuja" mara mbili, akaanza kutafuta buti zake. Ni binti mmoja kutoka kwetu, uzazi wa kwanza, amefika Marekani majuzi tu. Mume wake yuko zamu kiwandani, bado hajapatikana. Mwana wa Mama Mkunga, ambaye humpeleka hospitalini, naye yuko kazini.

"Una gari," aliniambia. Halikuwa swali.

Niliendesha kwenye theluji, naye, ambaye hajawahi kushika usukani, alinielekeza namna ya kukanyaga breki. Nilisimama mbele ya mlango wa hospitali. Nikaona sitapata nafasi nyingine, nikayasema yote, ovyo, bila mpangilio wowote, mikono kwenye usukani. Kwamba alinirudisha. Kwamba ninamshukuru kila siku na sijui nimlipe nini.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Umeshukuru, nimesikia. Sasa weka gari vizuri, tuingie. Mukalimani wao yuko kwenye simu, na yule mutoto hatamusikia akianza kuumwa. Kiingereza changu kinaishia mulangoni. Chako hapana."

"Mama, siwezi kuingia humo."

Hakunibembeleza. Alifungua mlango, akashusha mguu mmoja kwenye theluji, akasubiri, baridi inaingia. Nilimfikiria yule binti mle ndani, hana mtu. Nikazima gari.

Chumba kilikuwa na joto na mwanga mwingi. Binti alikuwa mdogo kuliko nilivyomwazia, nywele zimesukwa kwa ajili ya siku hii, macho makubwa. Mama Mkunga alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Waliposema sukuma nilimwambia sukuma, waliposema subiri nilimwambia subiri, na alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu vilikufa ganzi. Mtoto alitoka jioni hiyo, wa kike, akalia mara moja, kwa hasira. Niliusikia mlio ule mwili mzima. Nilisimama imara.

Walipomweka kifuani kwake, binti yule alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akageuza kichwa upande wangu, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Samahani, dada," akasema. "Weye ni nani?"

Nikamwambia jina langu. Nikamwambia natoka Louisville, na kwamba nilikuwa nimepita tu kusalimia.

"Aksanti kwa kupita," alisema, na bado hakuwa ameuachia mkono wangu.